Koili Mpya, na Mama Kwenye Kiti cha Mbele

Gari langu ni dogo, la kijani, lina milango miwili, na liko chini kiasi kwamba mbuzi akisimama kando ya barabara tunatazamana macho kwa macho. Watu wa Kasulu wanaliita Chura. Si mimi niliyelipa jina hilo, ila nimechoka kubishana nao, na siku hizi hata mimi mwenyewe nikipoteza funguo nauliza nani kaona funguo za Chura. Ni gari la michezo la Kijapani, la zamani, na nililinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi kambi ya wakimbizi. Alilizungusha mjini mara chache, akagundua kwamba mashimo ya Kasulu yana kina kuliko magurudumu yake, akaliegesha. Mkataba wake ulipoisha alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nina hakika.

Nilikuwa na hakika. Mimi ni mwanamke wa makamo, nauza vitenge, na maisha yangu yote nimenunua vitu vya maana: mabati, magodoro, mbolea. Nilitaka kitu kimoja kisicho na maana. Majirani waliponiuliza gari kama lile litabeba nini, niliwajibu kwamba litabeba makalio yangu, nayo yanatosha kabisa.

Basi likakaa bandani, kuku wakitagia kiti cha nyuma, mpaka lami ilipofika. Asiyeishi huku kwetu hawezi kujua utamu wa maneno hayo. Zamani ukitoka Kasulu kwenda Kibondo wakati wa kiangazi unafika na nyusi nyekundu, na wakati wa masika huna hakika kama utafika. Siku lami ilipokamilika niliwafukuza kuku, nikasugua viti, nikaweka betri mpya, nikaelekea Busunzu kwa mama yangu huku nikiimba kwa sauti mbaya.

Sasa lazima nieleze habari ya mama, maana bila yeye koili za Chura zisingekuwa na habari yoyote.

Mama yangu hapandi gari. Hajapanda tangu tulipovuka mpaka kutoka Burundi tukikimbia risasi, mimi nikiwa mgongoni mwake, na lori likatuchukua kutoka pale tulipokuwa tumelala kwenye majani na kutupeleka kambini. Tumekuwa raia, tumepata shamba, ameozesha na kuzika, ameuza maharage ya kujaza ghala, yote hayo kwa miguu. Baiskeli alikubali kubebwa, kwa maelezo kwamba kwenye baiskeli mtu anaweza kuruka. Basi, Hiace, pikipiki, hataki hata kuvisikia. Ukimuuliza sababu anasema kichefuchefu, na anakutazama kwa namna ambayo hutauliza tena.

Zamani alikuwa akija Kasulu kwa miguu, akilala njiani kwa ndugu. Kisha magoti yakagoma. Nilipomaliza kujenga nyumba yangu nilimtengea chumba chenye dirisha la upande wa jua la asubuhi, kwa sababu analipenda, nikaweka na kitanda kifupi ili asihangaike kupanda. Chumba kikakaa tupu. Nikawa nafunga mlango wake ili nisikione. Na kila simu ya Busunzu ikiita saa isiyo ya kawaida nilikuwa nawaza jambo lile lile: akizidiwa huyu, tutamfikishaje hospitali, kwa baiskeli? Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha.

Siku ile ya kwanza nilipofika na Chura, mama alilizunguka taratibu, akaliangalia kama anayenunua ng'ombe. Akafungua mlango wa abiria. Akageuka, akajishusha, akakaa, miguu bado iko nje.

"Hii haipandwi," alisema. "Lori unapanda. Hii unakaa tu, kama kigoda."

"Kumbe! Basi ingiza miguu, mama."

Akaingiza. Niliwasha, nikalisogeza pole pole hadi kwenye njia ya kutokea, nikapanda kile kimwinuko cha shamba la maharage, injini ikaanza kutetemeka na kukohoa. Nikatoa mguu kwenye mafuta. Nyuma kukalia: paa!

Nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amefungua mlango gari likitembea, na magoti yale yale yanayogoma yalikuwa yamemfikisha katikati ya maharage. Nilimkuta amelala kifudifudi. Mikono yake ilikuwa chini ya kifua, imekumbatia hewa, mahali ambapo zamani, risasi zikilia, alinificha mimi. Niliona aibu, nikaona uchungu, nikapiga magoti pembeni yake.

Aliinuka mwenyewe. Akakung'uta kitenge, akatoa jani kwenye nywele.

"Katengeneze," alisema. "Ikiacha kupiga nitakaa tena."

Hakuna mtu aliyewahi kwenda gereji kwa mwendo nilioenda nao mimi. Fundi wangu yuko Makere, kwenye barabara hiyo hiyo. Asili yake ni ng'ambo ya ziwa, Kongo, na ni mtu maridadi: shati jeupe, viatu vya ncha, na kitambaa cha kujifutia mfukoni. Anatengeneza injini kwa kuielekeza kwa kidole, hata ukidhani itajitengeneza yenyewe kwa kuona haya. Majivuno yake hayana mwisho, nami nampenda hivyo hivyo, kwa sababu nikiwa naye mimi naonekana mnyenyekevu.

Akaniambia niwashe, nikanyage, niache. Paa! Hata hakushtuka.

"Mama, bobini zako zilishazeeka," alisema. Koili, kile kifaa kinachopeleka moto kwenye plagi, yeye huita bobini, petroli huita esansi, na plagi huita buji. "Moto yao ni kidogo. Ukipanda mulima, esansi inabakia bila kuungua, inaenda kuungulia kule nyuma mu bomba ya moshi. Njo ile paa."

"Basi tuweke nyingine kama hizi."

Akanitazama kama nimemtukania mzazi. "Kama hizi? Hapana, mama. Hizi ni za zamani, zitakufa tena. Tutaweka za gari mpya, ya moto mukali. Mimi nitazivalisha. Gari itaimba."

Nikaenda kwa muuza spea wa mjini Kasulu, mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake uko Bagamoyo na ambaye huzungumza na wateja kama amewaalika harusini. Nilimwita shekhe, akaniita dada yangu, akauliza leo Chura anaumwa nini. Nilipomweleza kwamba nataka koili za injini nyingine kabisa, akafumba macho.

"Dada yangu, huko ni kumfunga bibi kizee meno ya kijana."

"Mradi atafune, shekhe."

Akacheka hadi kofia ikapinda, akapiga simu Dar. Koili zikaja na basi, ndani ya boksi la biskuti, zimefungwa kwenye gazeti kama mayai. Zilikuwa nyeusi, nzito, zina shingo ndefu za mpira. Nikazipakata mpaka Makere.

Kazi yenyewe ilinifurahisha kupita nilivyotarajia. Fundi alizing'oa za zamani. Mbili zilikuwa na nyufa unazoweza kupitisha kucha. Akabadilisha plagi. Akakata soketi za nyaya, akaunga mpya, akizisokota na kuzichoma kwa risasi ya kuungia, na mara hii shati jeupe lilivuliwa likatundikwa msumarini kwa heshima zake. Tatizo likawa kwamba koili mpya hazikukaa sawa juu ya injini. Matundu ya skuru hayakulingana. Ilihitajika bamba la kuzishika. Alitafuta bati gereji nzima, kila alilolishika akalitupa, jembamba. Mwishowe nilikwenda kwenye mgahawa wa jirani nikanunua mfuniko wa sufuria kubwa, ile nzito ya kupikia pilau la msiba. Fundi akaugonga kwa kidole, akausikiliza, akakubali. Akauchora, akaukata, akautoboa, na hadi leo Chura anatembea na mfuniko wa sufuria chini ya boneti.

Alipowasha sikuamini. Ule mtetemo niliokuwa nimeuzoea, ule wa kutikisa meno, haukuwepo. Tukaenda nalo kwenye mwinuko, nikakanyaga, likapanda likivuta kwa pumzi moja. Nikatoa mguu. Kimya. Nikakanyaga tena, nikatoa, nikakanyaga, nikatoa, kama mtoto na swichi ya taa. Fundi alikuwa amekunja mikono, anatazama nje dirishani kama mtu asiyehusika.

"Hata mvua?" nilimuuliza. "Hata ikinyesha?"

"Mama, hata uingize mu muto, itatoka inacheka."

Hapo ndipo ningepaswa kumuuliza maswali zaidi, ila nilikuwa na haraka ya kwenda kujionyesha.

Nilifika Busunzu kabla ya chakula cha mchana. Mama alikuwa tayari, kitenge kipya, kifurushi chake kiko kwenye mkeka. Lakini hakuna anayeondoka kwa mama bila kula, kwa hiyo nikaegesha uani, nikafungua boneti ili injini ipoe kama fundi alivyonishauri, nikaingia ndani kupambana na ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani.

Sasa, nyumbani kwetu kuna jambo ambalo nimelizoea tangu utoto hata silioni. Mgeni akifika na baiskeli, akiwa anakula, wenyeji wanaiosha. Rimu, spoku, mnyororo, vyote. Hakuna anayemwambia mgeni na mgeni hashukuru. Anatoka tu anaikuta inang'aa, anajua ameheshimiwa. Akija na viatu vya matope, ni hivyo hivyo. Mama ndiye mkali wa mambo hayo kupita wote pale kilimani.

Nilikuwa nachambua mwiba nikasikia ndoo zikigongana. Nikawaza, hao wifi zangu wanachota maji ya mifugo. Nikaendelea kula. Nikaomba na mchuzi.

Nilipotoka, Chura alikuwa anametameta. Vioo, rimu, hata matope ya miaka chini ya bampa yalikuwa yametoka. Wifi zangu walikuwa wamesimama kando, mikono imelowa, wanatabasamu. Na mama alikuwa ameinama mbele, kichwa chini ya boneti, anamalizia kumimina ndoo ya mwisho juu ya injini, povu la sabuni likishuka kando ya mfuniko wa sufuria.

"Huku ndani ndiko kulikuwa kuchafu," alisema kwa fahari.

Nilijua na sikutaka kujua. Nikakaa, nikageuza ufunguo. Chura akatikisika kama ana homa, akakohoa, nikagusa mafuta kidogo tu, na nyuma ikalia paa, paa, mara mbili za kufuatana, mpaka kuku wa jirani wakapanda juu ya paa.

Wifi zangu walikimbia. Mama hakukimbia kwa sababu hakupata nafasi. Alichuchumaa pale pale kando ya ndoo, macho kayafumba, mikono kichwani.

Nilizima gari. Niliona mambo yote yakiondoka mbele yangu: chumba, dirisha, kitanda kifupi. Na mimi nikiogopa huwa silii, huwa nafoka. Ndivyo nilivyoumbwa.

"Nani kakwambia injini inaoshwa?" nilipayuka. "Mama! Ni maji yako hayo! Maji yako ndiyo yamepiga paa!"

Mama akafungua jicho moja.

"Maji yangu?"

"Maji yako! Na sabuni yako!"

Akafungua la pili. Akaitazama ndoo, akalitazama gari. Akasimama, akishika goti.

"Oya, hapana," alisema. "Maji hayapigi. Nionyeshe."

Sikuwa na uwezo wa kumwonyesha chochote, kwa hiyo nilimpigia fundi simu. Akaniambia niweke simu karibu na injini, niwashe, nizime.

"Mulimwanga maji," alisema.

"Ulisema hata mtoni!"

"Mama, ile ni maneno ya kuuza." Akakohoa. Akaeleza kwamba ule mfuniko umezinyanyua koili kidogo, mpira wa shingoni hauzibi sawasawa, maji yameshuka kwenye visima vya plagi na moto unavuja humo badala ya kuunguza mafuta. Nizing'oe, nikaushe visima mpaka chini, nizirudishe. Wiki ijayo atanitafutia mpira wa kuziba. Nikakata simu, maana mama alikuwa anasikia.

Spana namba kumi ninayo ndani ya gari daima. Nikafungua ya kwanza, nikaivuta juu, ikatoka ikidondosha maji. Mama akaegemea karibu, akachungulia kile kishimo kirefu chembamba. Mbele yangu akatumbukiza kidole, hakikufika.

"Hiki ni kibuyu," alisema.

Na kweli kilikuwa hivyo, kama shingo ya kibuyu cha maziwa, ambayo mama ameisafisha maisha yake yote. Akavunja kijiti kwenye ua, akakichuna, akachana ukingo wa kitenge chake kipya bila hata kukitazama, akausokota kwenye ncha. Akaingiza, akazungusha, akatoa, akakamua, akaingiza tena. Mimi nikifungua, yeye anakausha. Kila koili niliyompa aliipangusa, akaipuliza, akiwa ameishika mikononi kama kifaranga. Aliuliza maswali. Moto unatoka wapi? Hapa chini. Maji yalikuwa wapi? Hapo. Na ile sauti? Nyuma, kwenye bomba. Mafuta yaliyokosa moto huku yanaungulia kule. Alirudia maneno yangu kwa Kirundi, polepole, kwa ajili yake mwenyewe. Wifi zangu walirudi mmoja mmoja, wakasimama mbali.

Tukafunga. Nikamwambia asogee, asisimame karibu. Hakusogea. Alisimama mbele kabisa, mkono mmoja juu ya bodi, kijiti chake mkononi. Niliwasha. Injini ikashika, ikayumba, nikakanyaga, na nyuma ikalia paa, ndogo.

Mabega yake yalipanda mpaka masikioni. Miguu haikuondoka.

"Bado yapo," alisema. "Kile cha mwisho. Sikukifikisha chini. Kifungue."

Nikakifungua. Akakausha mpaka kitambaa kikatoka kikavu, akanionyesha ili nikubali. Nikawasha tena, Chura akanguruma vizuri, nikakanyaga na kuachia, nikakanyaga na kuachia, na hakukuwa na sauti nyingine. Mama akakirusha kijiti uani, akachukua kifurushi chake, akajishusha kwenye kiti, akaingiza miguu. Akavuta mlango mwenyewe.

Sitasema njia nzima ilikuwa rahisi. Alishika dashibodi kwa mikono yote mpaka tulipoikuta lami, midomo ikicheza kwa sala. Sikuwasha redio. Baada ya muda mkono mmoja ulishuka mapajani. Tulipopita Makere nilipiga honi, fundi akatokea na shati lake jeupe, akainua mkono kama mkuu wa nchi, na mama akacheka. Ndani ya gari, likitembea, mama yangu akacheka. Nilibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa, ili nipate cha kufanya.

Tukafika Kasulu jua bado kali. Nikaegesha mbele ya nyumba, nikazima, nikazunguka kumfungulia. Hakushuka. Aliitazama nyumba kupitia kioo, ukuta, mlango, dirisha ninalomweleza kwenye simu kila siku.

"Nimeiona," alisema. "Ni nzuri. Nitalala humo."

"Basi shuka, mama."

"Ngoja kwanza." Alikuwa anakunja na kukunjua ile sehemu ya kitenge iliyochanika. "Siku ile ya lori walituhesabu, wakatuinua, wakafunga nyuma. Nilikuwa nimekubeba wewe. Lilitembea siku nzima. Hakuna aliyeniuliza nataka kwenda wapi."

Nilikuwa sijawahi kusikia neno lolote kutoka kwake kuhusu lori lile. Nilisimama na mlango mkononi. Nikafunga mlango wake taratibu, nikazunguka, nikakaa kwenye usukani.

"Mama, unataka kwenda wapi?"

Akafikiri. Alitazama mbele barabarani, akatazama upande wa sokoni, akatazama njia tuliyotoka nayo. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu, na mimi vile vile.

"Sijui, mwana wanje, mwanangu," alisema. "Wewe washa. Nikijua nitakwambia."